Maisha ya H. G. Wells na Miswada ya Filamu Zake

Kila muhula wako wanafunzi wanaoleta insha na hadithi zao kwa ajili ya gazeti hili, na kila muhula wako wengine wanaosema ya kwamba gazeti la shule si kitu, ni karatasi chache tu zinazosomwa leo na kufungiwa karanga kesho. Kwa sababu hiyo nimeona vema nieleze habari za mtu mmoja maarufu wa Uingereza. Hadithi yake ya kwanza ya kusafiri katika wakati ilitokea katika gazeti la wanafunzi wenzake, na makaratasi yake, pamoja na miswada ya filamu aliyoiandika uzeeni, yametunzwa katika maktaba kubwa ng'ambo ya bahari kama mali ya thamani. Mtu huyo ni Herbert George Wells, ajulikanaye zaidi kwa jina la H. G. Wells.

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba, 1866, katika mji wa Bromley, si mbali na London. Nyumbani walimwita Bertie. Baba yake, Joseph Wells, alikuwa mtunza bustani kabla ya kununua duka dogo la vyombo vya udongo na vifaa vya mchezo wa kriketi. Duka lile halikuwa na faida. Fedha iliyosaidia nyumba ni ile aliyolipwa baba kwa kucheza kriketi, maana alikuwa hodari wa kurusha mpira. Mama yake, Sarah, kabla ya kuolewa alikuwa mtumishi katika nyumba kubwa ya matajiri iitwayo Uppark. Basi walikuwa watu wa hali ya chini, wenye kuhesabu kila senti, na mama alikuwa na shauku moja tu juu ya wanawe: wajifunze kazi ya kuuza nguo dukani, kazi ambayo yeye aliiona kuwa ya heshima.

Mwaka 1874, Bertie alipokuwa na umri wa miaka saba, alianguka akavunjika mguu. Akalazwa nyumbani kwa majuma mengi. Baba yake, ili kumtuliza, akawa anamletea vitabu kutoka maktaba: vitabu vya nchi za mbali, vya wanyama, vya nyota na vya vita vya zamani. Mguu ulipopona, mtoto alikuwa ameshikwa na ugonjwa mwingine ambao haukupona maisha yake yote, yaani ugonjwa wa kusoma. Alipokuwa mtu mzima aliihesabu ajali ile kuwa miongoni mwa bahati kubwa alizopata.

Miaka mitatu baadaye baba naye alivunjika mguu, na kwake haikuwa bahati hata kidogo, kwa sababu hakuweza tena kucheza kriketi. Fedha ikazidi kupungua. Mwaka 1880 mama akarudi Uppark kuwa msimamizi wa watumishi wa nyumba, na Bertie, akiwa anakaribia miaka kumi na minne tu, akatolewa shule akapelekwa dukani kuwa mwanagenzi.

Hapo ndipo taabu zake zilipoanza. Duka la kwanza la nguo lilimfukuza upesi, kwani hesabu zake za fedha hazikulingana na mawazo yake yalikuwa mbali. Akajaribu kusaidia kufundisha katika shule ya kijiji, ikashindikana. Akapelekwa kwenye duka la dawa, nako hakukaa. Kati ya kazi moja na nyingine alikuwa akikaa Uppark kwa mama yake, chini kwa watumishi. Lakini nyumba ile ilikuwa na maktaba, naye aliruhusiwa kuazima vitabu. Tena katika chumba cha juu alikuta vipande vya darubini ya zamani. Akaviunganisha mwenyewe, na usiku mama yake akamkuta dirishani, amejifunika kwa sababu ya baridi, anatazama mashimo na milima ya mwezi. Tuikumbuke darubini hiyo, maana mwezi tutakutana nao tena.

Mwaka 1881 alipelekwa kwenye duka lingine la nguo katika mji wa Southsea, kando ya bahari. Kazi ilikuwa ya saa kumi na tatu kwa siku: kufagia, kupanga majora ya vitambaa, kusimama mbele ya wateja, na usiku kulala katika chumba kimoja na wanagenzi wengine. Mama alikuwa amekwisha toa fedha ili mwanawe afundishwe kazi hiyo, na mapatano yalikuwa ya miaka minne. Bertie alivumilia miaka miwili. Asubuhi moja ya Jumapili akaondoka bila chakula, akatembea kwa miguu maili 17 mpaka Uppark, akamwambia mama yake ya kwamba hataendelea tena. Kulikuwa na machozi, lakini hakurudi nyuma. Alikwisha mwandikia mwalimu mkuu wa shule moja katika mji wa Midhurst, Bwana Horace Byatt, ambaye aliwahi kumfundisha Kilatini kwa muda mfupi, akaona akili zake. Bwana Byatt akakubali kumpokea awe mwalimu msaidizi huku naye akisoma.

Katika shule ile alisoma kwa bidii ya mtu aliyeponea chupuchupu. Alifanya mitihani ya sayansi mmoja baada ya mwingine akafaulu, na mwaka 1884 serikali ikampa nafasi ya kusoma bure katika chuo cha kufundisha walimu wa sayansi huko London, pamoja na shilingi 21 kwa juma za kula na kulala. Fedha hiyo haikumtosha, na mara nyingi alishinda na njaa. Lakini mwaka wake wa kwanza alifundishwa elimu ya viumbe na Profesa Thomas Henry Huxley, mmoja wa wataalamu wakubwa wa wakati ule. Wells aliyashika mafundisho ya Huxley mpaka kufa: ya kwamba viumbe hubadilika, ya kwamba binadamu naye ni kiumbe, na ya kwamba hakuna ahadi yoyote kuwa kesho itakuwa njema kuliko leo isipokuwa watu wenyewe waifanye iwe njema.

Kwa bahati mbaya miaka iliyofuata alilegea. Walimu wengine hawakumvutia kama Huxley, naye akatumia wakati wake katika mijadala ya wanafunzi na katika gazeti la chuo, ambalo yeye alikuwa mmoja wa waanzilishi wake na mhariri wake. Mwaka 1887 alishindwa mtihani wa mwisho wa elimu ya miamba, akaondoka chuoni bila shahada. Wenye kumtazama kwa nje wangesema kijana huyu amepoteza bahati yake. Hata hivyo mwaka 1888 gazeti lile la wanafunzi lilichapa, kwa sehemu tatu, hadithi yake ya mtu aliyebuni chombo cha kusafiri katika wakati. Hadithi haikuwa nzuri sana. Maneno yalikuwa mengi, na mwisho wake haukueleweka. Lakini ndani yake ilikuwamo mbegu.

Baada ya kutoka chuoni Wells alikwenda kufundisha katika shule moja ya Wales. Huko, katika mchezo wa mpira wa miguu, aliumizwa vibaya na mchezaji mwingine, figo lake likadhurika, na baadaye akaanza kutema damu. Madaktari waliogopa kifua kikuu. Alipopata nafuu kidogo alirudi London akafundisha tena, akasoma usiku, na mwaka 1890 akapata shahada ya sayansi ya Chuo Kikuu cha London, akiwa wa daraja la kwanza katika elimu ya wanyama. Mwaka 1893 damu ikamtoka tena kwa wingi, ikawa hana budi kuacha kazi ya darasani. Kalamu peke yake ndiyo iliyobaki. Mwaka ule ule kikatoka kitabu chake cha kufundishia elimu ya viumbe.

Sasa aliirudia mbegu ile ya gazeti la wanafunzi. Alikuwa ameiandika upya mara kadhaa, kila mara akitupa yaliyozidi na kuyanyosha yaliyopinda. Mwaka 1894, akiwa amepanga chumba nje ya London, aliikalia tena usiku mbele ya dirisha lililo wazi, huku mwenye nyumba akinung'unika kwa sababu ya mafuta ya taa. Mwaka 1895 ikatoka kuwa kitabu, The Time Machine. Ilikuwa imepita miaka saba tangu gazeti la wanafunzi, na mara hii kila mtu aliisoma. Kijana wa dukani akawa mwandishi.

Vitabu vikafuatana mbio: hadithi ya daktari anayegeuza wanyama kuwa mfano wa watu, mwaka 1896; ya mtu asiyeonekana, mwaka 1897; ya watu wa Mars kuishambulia dunia, mwaka 1898; na ya wasafiri wa kwanza kufika mwezini, mwaka 1901. Hadithi ya namna hii huitwa ya kubuni ya sayansi, kwa kuwa mwandishi hubuni jambo moja lisilokuwapo, kisha akafuata kwa hesabu na akili yale yote ambayo yangetokea kama lingekuwapo. Sisi wa Afrika yafaa tujue ya kwamba katika ile hadithi ya vita na Mars, Wells aliwakumbusha Waingereza wenzake jinsi watu wa kisiwa cha Tasmania walivyoangamizwa na wageni waliotoka Ulaya. Alitaka msomaji wa London aonje kidogo uchungu wa kuvamiwa na mwenye silaha usizoweza kuzijibu.

Na sinema je? Sinema ilizaliwa mwaka ule ule wa kitabu chake cha kwanza cha hadithi. Mnamo Oktoba 1895 fundi mmoja wa London, Robert Paul, aliomba hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake baada ya kuzungumza na Wells: watazamaji wangeketi katika viti vinavyotikisika, huku picha zikiwaonyesha miaka inavyopita kwenda mbele na kurudi nyuma. Chombo hicho hakikujengwa. Katika miaka iliyofuata watu wengine walichukua hadithi za Wells wakazifanya filamu, na ile ya mtu asiyeonekana, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1933, ilipendwa sana. Lakini Wells mwenyewe alitamani kuandika filamu, si kuandikiwa. Mwaka 1929 alitoa kitabu kilichokuwa mpango wa filamu juu ya mfalme anayekomesha vita. Hakuna aliyeitengeneza.

Hapa lazima nieleze mswada wa filamu ni kitu gani. Sisi tukienda sinema huona watu wakitembea na kusema, tukadhani mambo yametokea hivyo hivyo. Sivyo. Kabla ya picha moja kupigwa, mtu ameketi na karatasi akaandika kila tendo: mahali gani, mchana au usiku, nani anaingia, anasema nini, na picha inayofuata ni ipi. Maandishi hayo ndiyo mswada. Mwongozaji, waigizaji, mafundi wa taa na waseremala wote huufuata. Kazi hiyo si sawa na kuandika kitabu. Katika kitabu mwandishi aweza kusema kwa mstari mmoja kwamba vita vilidumu miaka thelathini na watu wakasahau jinsi ya kutengeneza magari. Katika filamu mstari huo haufai kitu. Lazima mtazamaji aone.

Mwaka 1933 Wells alitoa kitabu kikubwa juu ya mambo yajayo, na mtayarishaji wa filamu Alexander Korda, mtu wa asili ya Hungaria aliyefanya kazi London, akamwomba akigeuze kuwa filamu. Akampa uwezo mkubwa wa kusema katika kazi hiyo, uwezo ambao waandishi wa filamu hawapewi mara nyingi. Wells alikuwa anakaribia miaka sabini, jina lake linajulikana dunia nzima, historia yake ya ulimwengu iliyotoka mwaka 1920 imekwisha nunuliwa na watu wengi mno. Akaandika mswada wa kwanza, akaupa jina la kuuliza binadamu anaelekea wapi. Korda na wenzake wakausoma. Haukufaa. Ulikuwa umejaa mawazo na hotuba, na haukuweza kupigwa picha.

Mtu mwingine wa cheo chake angekasirika akaenda zake. Wells aliuweka kando mswada ule akaanza tena. Akaandika wa pili, ukazungumzwa, ukakatwa, ukapangwa upya, ukaandikwa tena. Mzee aliyekuwa ameandika vitabu vingi alikubali kuwa mwanafunzi wa wale watu wa sinema. Alijifunza kuacha maneno na kutumia picha. Alitaka hata muziki uwe sehemu ya mpango tangu mwanzo, si pambo la kubandikwa mwishoni, na Arthur Bliss akatunga sehemu ya muziki kabla ya picha kupigwa. Kwa mafundi wa majumba na mavazi aliandika waraka wa kuwaonya wasiige filamu ya Kijerumani ya Metropolis, ambayo yeye aliilaumu vikali ilipotoka mwaka 1927.

Filamu iliitwa Things to Come, na mwongozaji wake alikuwa William Cameron Menzies. Inaanza katika mji wa kubuniwa, wakati wa Krismasi ya mwaka 1940. Watoto wanafungua zawadi, na wazee wanabishana kama vita vitakuja au havitakuja. Usiku ule ule ndege zinafika na mabomu. Kisha tarehe za miaka zinapita juu ya picha za vifaru na magofu, na vita haviishi. Yanakuja maradhi ya kuwafanya watu watangetange kama waliolala, na nusu ya watu duniani wanakufa. Mwaka 1970 mji unatawaliwa na jambazi mmoja mwenye bunduki, asiye na mafuta ya ndege. Ndipo anapotua mtu mwenye ndege mpya, mjumbe wa chama cha mafundi na marubani ambacho makao yake yako Basra, bandari ile ile ambayo majahazi yake yalileta tende katika pwani ya Afrika Mashariki. Mafundi hao wanatupa mabomu ya hewa ya usingizi, wanamaliza utawala wa majambazi, na wanaanza kuujenga ulimwengu upya. Sehemu hiyo ya kujenga haina maneno, ni mashine na muziki tu. Katika mwaka 2036 watu wanaishi katika mji mweupe uliochimbwa ndani ya ardhi, nao wanataka kumpiga kijana mmoja na msichana mmoja kwa mzinga mkubwa ili wauzunguke mwezi. Kundi la watu linainuka kuuvunja mzinga, likisema maendeleo yamezidi. Mzinga unalia kabla hawajauvunja, na wazazi wa vijana wale wanabaki wakitazama nyota.

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza London, Februari 1936. Wengi walishangazwa na majumba na hila za picha. Wengine walisema watu wa filamu ile wanahutubiana badala ya kuzungumza, na kusema kweli walikuwa na haki. Wells mwenyewe hakuridhika. Mengi aliyoyawazia hayakuweza kufanywa kwa fedha na vifaa vya wakati ule. Tena filamu, ambayo mwanzoni ilipita dakika 100, ilikatwa na kukatwa tena, na nakala nyingi zinazoonyeshwa siku hizi hazifiki muda huo. Hayo ndiyo maisha ya filamu: mwenye mkasi ana nguvu kuliko mwenye kalamu. Lakini Wells alikuwa amechapa mswada kuwa kitabu tangu mwaka 1935, kabla filamu haijaonyeshwa. Kwa hiyo yeyote anayetaka kujua alikusudia nini aweza kusoma sehemu ambazo hazikupata kuonekana katika sinema.

Je, alitabiri vema? Vita havikungoja mwaka 1940. Vilianza Septemba 1939. Mabomu yalianguka London kama alivyoandika, naye Wells, mzee na mgonjwa, alikataa kuihama nyumba yake mjini. Kitabu chake kingine, cha mwaka 1914, kilikuwa kimetaja mabomu ya atomiki, na mwanasayansi Leo Szilard, aliyekisoma mwaka 1932, ni mmoja wa wale waliofungua njia ya nguvu hiyo. Kwa upande wa mwezi alikawia: binadamu waliuzunguka mwezi Desemba 1968, miaka 68 kabla ya mwaka ulioandikwa katika filamu, tena kwa roketi, si kwa mzinga.

Lakini jambo moja katika filamu linataka swali kutoka kwetu. Marubani wale wa Basra walichaguliwa na nani? Wanakuja kutoka juu, wanawalaza watu usingizi, wanawaamsha wakiwa chini ya sheria mpya, na hakuna anayeulizwa. Wells aliwaamini mno wataalamu, kwa kuwa aliwaona watawala wa zamani wakiipeleka dunia vitani. Sisi ambao babu zetu waliletewa ustaarabu na watu wenye silaha bora hatuwezi kuipokea sehemu hiyo bila kusita. Ni haki kusema pia ya kwamba mwaka 1940 Wells alitoa kitabu cha kutetea haki za binadamu wote, na mjadala aliouanzisha ni miongoni mwa mijadala iliyotangulia Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948. Pengine katika uzee wake alikuwa anaiandika upya hata fikira hiyo.

Hakuacha kujifunza. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na mwaka 1934 alisaidia kuanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari Uingereza. Alipokwisha kupita miaka 75 aliandika tasnifu akapewa shahada ya udaktari wa sayansi na Chuo Kikuu cha London, yeye aliyeshindwa mtihani wa miamba mwaka 1887. Alifariki nyumbani kwake London tarehe 13 Agosti, 1946. Mwili wake ulichomwa, na wanawe wakayatawanya majivu baharini.

Kaburi basi hana. Lakini makaratasi yake yapo. Wells alikuwa mtu wa kuhifadhi: barua kwa maelfu, miswada ya vitabu, michoro midogo ya kuchekesha aliyomchorea mkewe, na miswada ya filamu pamoja na ile iliyokataliwa. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, huko Marekani, kilivinunua kutoka kwa warithi wake, kikaviweka katika maktaba yake ya vitabu adimu na hati. Katika maktaba ya namna hiyo msomaji haruhusiwi kuchukua kitu kwenda nacho nyumbani. Huacha mfuko wake mlangoni, hutumia penseli badala ya wino, na huletewa sanduku moja baada ya jingine, akafungua karatasi polepole. Kwa njia hiyo mswada ule wa kwanza, ambao Korda aliuona haufai, ulitolewa sandukuni ukachapwa mwaka 1987, zaidi ya miaka hamsini baada ya kuandikwa. Wataalamu waliulinganisha na filamu, wakaona wazi jinsi mzee yule alivyofanya kazi: nini alikitupa, nini alikishikilia, na wapi alikubali kufundishwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo fikira bila karatasi hupotea vivyo hivyo. Filamu ilikatwa, waigizaji wamekufa, majumba yale ya mbao na plasta yalivunjwa siku nyingi. Karatasi, kitu dhaifu kuliko vyote, ndiyo iliyobaki kusema kweli. Na haikuhifadhi ushindi peke yake; ilihifadhi pia makosa, na makosa yale ndiyo yanayomfundisha mwanafunzi zaidi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hadithi yako ikirudishwa na mhariri wetu ikiwa na alama nyekundu pande zote, usiichane. Iweke. Andika tarehe juu yake, kisha iandike upya. Na gazeti hili ukimaliza kulisoma, tafadhali usilifungie karanga.